Vinyago vya Kitivo cha Sanaa

Siku Mwalimu aliporudi Mpanda kuishi, vijana waliokuwa wanashusha mizigo yake waliacha kazi katikati. Sanduku moja la mbao lilikuwa limepasuka njiani, na kwenye ufa ule ulionekana uso: jicho moja, pua ndefu, ndevu za katani. Kijana aliyelishika akaliweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akasema anaenda kunywa maji. Hakurudi. Wenzake wakamfuata. Masanduku yaliyobaki tuliyaingiza ndani wenyewe, mimi, mume wangu na dereva wa lori, ambaye alikuwa mtu wa mbali na hakuelewa wenzake wamekimbia nini.

Mwalimu alicheka sana. "Umeona?" akaniambia. "Mchezo haujaanza, watazamaji wameshatoka."

Alinifundisha miaka yangu yote ya chuo kikuu, katika Kitivo cha Sanaa cha chuo kimoja kikongwe hapa nchini. Alifundisha sanaa za maonyesho, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mwanamke pekee katika idara yake. Hakuolewa, hakuzaa. Alipostaafu, watu wa huko walitegemea atabaki mjini kama wenzake, lakini yeye alijenga kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, ukiupita mtaa wa Shanwe kidogo, akarudi kwao. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili na Historia katika sekondari ya jirani. Nikawa ndugu yake wa karibu kuliko ndugu wa damu, maana hao walikuwa wamebaki wachache na hawaji.

Baada ya miezi kadhaa kitivo kikampigia simu. Walikuwa wanaandaa kitabu cha historia yao na walitaka aandike sura ya miaka ya mwanzo. Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Ilikuwa presha ya macho, na dawa za matone alizopewa zilimwacha na macho mekundu kutwa nzima. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba jioni nikitoka shule nipite kwake, yeye aseme, simu yangu irekodi, mimi nikaandike nyumbani.

Tulikaa barazani. Ndani ya uzio alikuwa na bomba, na kwa vile maji ya mtaani yalikuwa ya mgao, aliacha geti wazi ili majirani wachote bure. Ndoo zilipangwa mpaka nje. Wanawake walisalimia, "Shikamoo bibi," naye alijibu bila kukatisha habari yake. Ukisikiliza rekodi zile za mwanzo, nyuma ya sauti yake unasikia maji, watoto, na vicheko.

Alisema kitivo kilianza bila majengo ya maana. Kulikuwa na walimu wachache, wengi wao wageni, vyumba vya kuazima, na ubishi mwingi. Ubishi mkubwa ulikuwa wa lugha. Mwalimu mmoja alisema mbele ya darasa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuhakikia shairi. Yeye wakati huo alikuwa mwaka wa kwanza, binti wa Kikonongo ambaye Kiswahili chenyewe alikijulia shuleni, akasimama akamjibu kwa Kiswahili mpaka kipindi kikaisha.

"Ulimwambia nini?" nikauliza.

"Sikumbuki hata neno."

Ukumbi wa maonyesho waliujenga kwa mikono yao. Wanafunzi walifyatua matofali wakati wa likizo, na mkuu wa kitivo akisukuma toroli. Kisha wakaanza kusafiri. Walipakia vinyago na ngoma kwenye gari la chuo wakaenda vijijini, wakakaa na watu, wakasikiliza shida zao, na shida hizo wakazifanya mchezo ambao wanakijiji wenyewe waliingia kuigiza. Katika kijiji kimoja mzee alimvamia mwanafunzi aliyeigiza mtemi akamchapa fimbo ya kweli, maana mtemi yule alimkumbusha mtu.

"Hapo ndipo nikajua mchezo umewaingia," Mwalimu alisema. Aliipenda habari hiyo. Aliirudia mara nyingi.

Nakumbuka pia jioni aliyonieleza mwaka chuo kilipofungwa. Wanafunzi walikuwa wamegoma. Asubuhi yalikuja malori, na kila mwanafunzi akaamriwa kufungasha. Yeye alikuwa ameshaajiriwa, mkufunzi kijana. Alijifungia kwenye stoo ya mavazi pamoja na wanafunzi wawili ambao majina yao yalikuwa yanaitwa kwenye kipaza sauti, wakakaa kati ya vinyago huku viatu vikipita kwenye korido, vikisimama, vikipita tena.

Hapo aligeuza uso. Nikadhani anatafuta neno. Kumbe alikuwa anatazama getini.

"Leo wamekuja wangapi kuchota?" akauliza.

Ndoo zilikuwa chache kweli. Sikuwa nimeona. Mama mmoja tu ndiye alikuwa bombani, jirani wa nyumba ya pili, ambaye yeye na mume wake walihamia huku kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Mume alikaa na mifugo porini upande wa barabara ya Mishamo, mama akabaki mjini na watoto wasome. Yeye alimwita Mwalimu "mayu", mama kwa Kisukuma, na karibu kila asubuhi alimletea maziwa.

"Wengine wako wapi?" Mwalimu akamwuliza.

"Labda maji yametoka kwao," akasema, bila kuinua uso. Maji hayakuwa yametoka kwa mtu yeyote. Wote watatu tulijua.

Kuanzia hapo nikaanza kuona mengine. Bodaboda waliomleta kutoka sokoni walimshusha mbali kidogo na geti. Watoto wakipita walivuka upande wa pili wa njia. Nyumbani mume wangu aliniambia, akiwa anavua viatu na hataki kunitazama, kwamba kazini wanamwuliza mke wake anafuata nini kila siku kwa yule bibi. "Wanasema ana watu ndani ya masanduku," akasema. "Na macho yale."

"Macho ni dawa. Wewe ndiye uliyemchukulia famasi."

"Mimi najua. Nakwambia wanachosema."

Nilipomfikishia Mwalimu habari hizo, hakushtuka. Alinieleza siku hiyo jinsi vinyago vilivyofika kwake. Kwa jinsi alivyoona yeye, baada ya chuo kufunguliwa tena historia ya kitivo ilikuwa ni kupungua tu. Karatasi ziliisha, walimu wakafuga kuku ili waishi, mchwa wakala piano ya idara ya muziki. Wanafunzi wakaongezeka mpaka wengine wakawa wanasikiliza kutoka dirishani. Baadaye kitivo kikagawanywa, kikaunganishwa, kikabadilishwa jina. Wakubwa wapya wakauliza sanaa inazalisha nini. Mwishoni ilitakiwa stoo ya mavazi iwe chumba cha kompyuta, na vinyago vikatolewa nje vikakaa mvuani. Mwalimu alikuwa katika wiki zake za mwisho za kazi. Aliviokota kimoja kimoja, akavikausha kwenye veranda ya nyumba ya chuo, akatafuta fundi wa masanduku.

"Kule vilikuwa takataka," akasema, "na huku ni wachawi. Hebu niambie mimi niviweke wapi."

Kisha akapata wazo, na nilipomtazama usoni niliona yule wa zamani, aliyekuwa anaingia darasani akirusha kitabu mezani. Watu wanaogopa kwa sababu hawajaona, akasema. Atawaonyesha. Atafungua masanduku mchana kweupe, kila mtu ashike kwa mkono wake. Ndivyo kitivo kilivyofanya kazi siku zote.

Mimi sikulipenda wazo hilo. Sikuweza kusema kwa nini. Nilimsaidia kupanga viti.

Walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, Jumamosi alasiri. Walisimama kwenye uzio, wachache tu wakaingia. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na kukaa mbele. Ilikuwa kiangazi, watu wanachoma mapori, na jua lilikuwa jekundu kabla ya wakati wake. Mwalimu alitoa kinyago cha mtemi, kile cha ndevu za katani, akakigeuza nyuma watu waone gundi na misumari. Akaeleza kwamba kilitengenezwa na mwanafunzi wake kwa mbao za kreti. Akampa mwenyekiti akishike. Mwenyekiti akakishika kwa ncha za vidole, akarudisha haraka. Watu wakacheka kidogo. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri.

Kama angeishia pale. Lakini alikivaa.

Nilikuwa nimesahau uwezo wake. Mwili ule wa bibi mwenye magonjwa ulinyooka, mabega yakapanuka, na sauti iliyotoka ndani ya mbao haikuwa ya mwanamke. Mtemi alitembea polepole mbele ya watu wake, akawauliza nani amekula mahindi ya ghala la wote. Alimwelekea mtu mmoja, kisha mwingine, akisubiri jibu. Hakuna aliyecheka. Nilijikuta nimerudi hatua moja nyuma, na mimi nilikuwa najua maneno yote ya mchezo ule.

Mtoto wa mwisho wa yule jirani wa maziwa alikuwa mgongoni kwa mama yake. Alikuwa na homa tangu asubuhi, tulikuja kujua baadaye. Alitoa mlio mwembamba, akakakamaa, macho yakageuka juu.

"Degedege!" mtu akapiga kelele, na uwanja wote ukakimbia. Viti vikaanguka. Mwalimu alivua kinyago, jasho likimtiririka, akabaki anauliza, "Nani kaumia? Nani kaumia?" Mume wangu aliwapakia mama na mtoto kwenye bajaji wakaenda hospitali.

Ilikuwa malaria. Mtoto alilazwa, akapona, akarudi nyumbani anacheza. Jambo hilo halikubadilisha chochote. Siku zilizofuata geti lilibaki wazi na bomba likabaki peke yake. Tuliendelea kurekodi, lakini ukisikiliza rekodi hizo, nyuma ya sauti yake hakuna kitu.

Mwenyekiti alikuja kututembelea. Alikunywa chai yote, akasifia nyumba.

"Profesa, mimi binafsi sina tatizo na wewe," akasema. "Ila watu wana hofu. Hofu ya watu ni kitu kikubwa. Sasa kama ungekubali kuvichoma mwenyewe, mbele yao, tukamaliza."

"Ni mali ya chuo."

"Chuo kiko mbali, mama."

"Na nikikataa?"

Aliangalia kikombe. "Mimi nitakuwa na kikao wilayani. Siku hizi vikao ni vingi. Naweza nisiwepo."

Jirani ndiye aliyetuambia wazi. Alinisubiri njiani asubuhi nikienda shule, ameshika chupa ya maziwa. "Madamu, mwambie mayu aende Tabora kwa ndugu zake. Apande treni hii ya wiki hii. Wameitwa lambalamba. Kila nyumba imekubali."

Lambalamba ni waganga wanaozunguka mitaani kufichua wachawi. Serikali imewakataza, na kila mtu anajua wamekatazwa, na huja.

"Na nyumba yako imekubali?" nikamwuliza.

"Mume wangu alikubali kwa simu."

"Lakini hospitali walikuambia mtoto alikuwa na nini."

"Malaria. Nilionyeshwa hata kipimo." Akavuta kanga yake. "Najua ilikuwa malaria, madamu. Lakini nilichokiona siku ile nacho nilikiona."

Nilimwomba Mwalimu aondoke. Nilimsihi mpaka nikalia. Alisema kitivo kilimtoa na vinyago vyake, na hapa ndipo kwao. Akitoka hapa atakwenda wapi tena. Nilipiga simu polisi. Nilijibiwa vizuri, wakaahidi kufuatilia.

Nilikuwa darasani, Kidato cha Pili, tunasoma ngeli, niliposikia filimbi. Mwanzoni nilidhani ni michezo. Kisha nikasikia zinatokea upande wa kwake, nyingi kwa pamoja, zikipokezana. Niliacha chaki nikaenda.

Geti lilikuwa limeng'olewa. Uani palijaa watu, na wengi niliwafahamu: wazazi wa wanafunzi wangu, wanakwaya wenzangu, fundi aliyenijengea jiko. Wageni walikuwa wachache tu, wanaume waliofunga vitambaa kichwani, mmoja ana kioo kidogo mkononi. Masanduku yalikuwa yamevunjwa. Walivitoa vinyago vyote wakavitupa kwenye rundo, wakamwagia petroli iliyotolewa kwenye pikipiki. Rangi za jukwaani zina harufu mbaya zikiungua. Watu walirudi nyuma wakiziba pua, wakasema ni harufu ya uchawi.

Kisha yule mwenye kioo aliingia chumbani kwa Mwalimu akatoka na pembe iliyofungwa kitambaa chekundu. Umati ukaguna. Kitambaa kilikuwa kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Niliisogelea nikasema hivyo kwa sauti, nikasema tazameni mikunjo. Hakuna aliyetazama mikunjo. Walinitazama mimi. Mume wangu, sijui alifika saa ngapi, alinishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba alama zilibaki, akaniambia sikioni, "Nyamaza. Wanaanza kukuhesabu na wewe."

Mwalimu walimkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na bomba. Mmoja wao akamlowesha kichwa kwa maji ya bomba lake mwenyewe, akaanza kumnyoa kwa wembe. Nywele zake zilikuwa nyeupe na nyingi. Hakupinga. Alikaa wima, mikono magotini, kama mtu anayepakwa rangi ya uso kabla ya kuingia jukwaani. Wembe ulimkata juu ya sikio, damu ikashuka shingoni.

"Mkono wako unatetemeka," akamwambia aliyemnyoa. "Nenda taratibu, una muda."

Yule mtu alisimama kidogo. Halafu akaendelea.

Walimchanja chale kifuani wakampaka dawa nyeusi, wakatangaza kwamba amesafishwa, na watu wakapiga vigelegele. Nilimwona jirani yetu anapiga vigelegele na machozi yanamtoka. Gari la polisi lilifika wakati majivu yamepoa. Waliandika maelezo. Wageni walikuwa wameshaondoka, na hakuna aliyejua walikoelekea.

Nilikaa naye wiki nzima. Nilidhani atapasuka kwa uchungu, lakini alikuwa mtulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko kelele. Kilichonitisha zaidi ni majirani. Siku ya tatu ndoo zilirudi. Zilipangwa mpaka nje kama zamani. "Shikamoo bibi," walisema, wakiwa na furaha ya kweli, na mmoja akaleta karanga mbichi, mwingine kuku. Hawakuwa wanamwomba msamaha. Walikuwa wanampongeza.

Jirani alileta maziwa. Alipiga magoti kumpa, akamtazama kichwa kile kilichoanza kuota vipele vya wembe.

"Afadhali sasa mayu," akasema kwa upole. "Sasa umepona."

Mwalimu alipokea chupa. "Asante, mwanangu," akajibu.

Akaingia ndani, akakaa kitandani muda mrefu. Nilipomfuata na simu, nikidhani kusema kutampa nafuu, aliniomba niizime. Historia ya kitivo tuliyoirekodi inaishia pale vinyago vilipotolewa nje vikakaa mvuani. Niliiandika hivyo hivyo nikaituma. Mhariri alishukuru, akasema sehemu ya mwisho wameiondoa kwa ajili ya nafasi. Baadaye kijana wa kitivo alinipigia. Alikuwa na sauti ya heshima na haraka. Walisikia Mwalimu ana vifaa vya zamani vya idara, na wangependa kuvionyesha kwenye sherehe zao, kwa kuwa siku hizi watu wameanza kuthamini urithi.

Nilimpa Mwalimu simu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, vilishaonyeshwa," akasema, akanirudishia.

Bado anaishi palepale. Haoni tena vizuri, anaona mwanga na vivuli. Jioni napita kumsomea magazeti. Kiangazi hiki kundi jingine, au lilelile, limeonekana upande wa pili wa reli, na nyumba waliyoingia kwanza ni ya mjane mmoja fundi cherehani. Mwalimu aliposikia akaniambia nimpeleke.

Tulikwenda kwa bajaji. Tuligonga kwa muda kabla ya yule mama kufungua, amejifunika kanga mpaka machoni. Mwalimu alipapasa ukuta akaingia, akatafuta mahali pa kukaa, akavua kitambaa chake cha kichwa, akamwambia ashike nywele zilivyoota. Mama yule alizishika. Sikusikia walichoongea baadaye kwa sababu nilitoka nje, na nilitoka nje kwa sababu nilisikia watu.

Walikuwa wamesimama ng'ambo ya njia, wanaume kwa wanawake, hawana fujo, wanatutazama tu. Nilipomtoa Mwalimu nikimshika bega, sauti moja ikasema, si kwa kelele, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Unaona? Wanatafutana."

Mwalimu alisikia. Masikio yake hayajapungua hata kidogo. Alinishika mkono, akamwambia dereva twende, na njia nzima hakuniachia.